Bei ya Sega na Bei ya Rupia

Mwanangu wa kidato cha tatu na wenzake wanne hukutana kila Jumamosi barazani kwetu Toangoma, wilayani Temeke, kucheza mchezo wa kuigiza wahusika uitwao Dungeons & Dragons. Si mchezo wa kompyuta. Wanakaa mkekani na karatasi, penseli na dadu lenye pande ishirini; mmoja wao huwa msimulizi, waliobaki hujifanya mashujaa, wachawi na wezi wanaozunguka mapangoni kutafuta hazina. Mchezo huu ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na vijana wa Mbagala wameupata kama wanavyopata kila kitu siku hizi, kwa njia ya simu. Wapo majirani wanaoniuliza kama sioni hatari kuwaachia watoto mambo ya mazimwi. Huwajibu kwamba sijawahi kuona vijana wakisoma kitabu cha kanuni kwa makini kiasi hicho, na laiti wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wangeusoma hivyo mwongozo wa kozi.

Kilichonivuta mimi ni sura ya bei. Kanuni wanazozitumia ni za toleo la tatu lililorekebishwa mwaka 2003, na humo kila kitu kina bei yake, kuanzia mshumaa hadi jahazi. Kipande kimoja cha dhahabu ni sawa na vipande kumi vya fedha, na kimoja cha fedha ni sawa na kumi vya shaba. Kibarua asiye na ujuzi hulipwa kipande kimoja cha fedha kwa siku. Kisha zinakuja metali za ajabu zisizokuwamo duniani: mithral, nyepesi na imara, na adamantine, inayokata karibu kila kitu. Upanga ukitengenezwa kwa adamantine huongezewa bei ya vipande 3,000 vya dhahabu. Niliomba penseli nikapiga hesabu. Kibarua yule atahitaji mshahara wa siku 30,000, yaani miaka 82 ya kufanya kazi bila kupumzika na bila kula, ili alipie nyongeza hiyo tu, upanga wenyewe bado. Nilipowaonyesha vijana hesabu hiyo, mmoja aliniambia kwa upole, "Baba, huyo kibarua hachezi. Yeye yupo tu mjini." Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi.

Jina mithral limetoholewa kutoka mithril ya J. R. R. Tolkien, mwanazuoni wa Oxford aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Katika riwaya yake kubwa, The Lord of the Rings, iliyochapishwa mwaka 1954 na 1955, metali hiyo huchimbwa katika mgodi mmoja tu, Moria, na waliouchimba waliangamia kwa kuifuata chini mno. Nikiisoma habari hiyo hukumbuka Mererani, maana tanzanaiti nayo, ingawa ni kito na si metali, inachimbwa kwenye kieneo kimoja tu cha dunia, na sisi tumekizungushia ukuta. Lakini kilichonikaa moyoni zaidi katika kisa cha Tolkien ni fulana. Bilbo, mzee mdogo wa kijijini, alipewa fulana ya mithril, akarudi nayo nyumbani, na kwa miaka mingi ikawa imetundikwa katika makumbusho ya huko kwao kama kikorokoro cha kutazamwa. Thamani yake ilizidi thamani ya nchi yao yote na kila kilichokuwamo. Aliyeijua bei alikuwa mtu mwingine.

Hebu sasa tutoke barazani tuingie mtaani, kwa sababu katika nyumba ya tatu kutoka kwangu metali za ajabu zimeshawahi kupita, mara mbili.

Jirani yangu mmoja ni mtumishi wa umma mstaafu. Sitamtaja jina, wala idara aliyoitumikia kwa uaminifu kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipolipwa kiinua mgongo alinunua kiwanja, akapandisha kuta, na nyumba ilipofika kwenye lenta wakaja watu watatu waliovaa vizuri. Walikuwa na rupia. Ndugu msomaji, kama umekulia Temeke, Tanga au Lindi huhitaji kuelezwa rupia ni nini katika mazungumzo ya aina hii. Ni sarafu ya Mjerumani, tena si ile ya kawaida, bali ile inayosemwa kuwa na nguvu: ukiisogeza karibu na mchele, punje zinaifuata. Wale watu walimwonyesha kwa macho yake. Walimwaga mchele juu ya karatasi, wakaileta sarafu, na punje zikasogea. Mnunuzi, walisema, ni Mwarabu aliyeko hotelini mjini, naye yuko tayari kutoa mabilioni, lakini kwanza lazima ilipiwe dawa ya kupimia, kisha sanduku la risasi la kuihifadhia lisije likamdhuru mbebaji, kisha kibali. Mzee alilipa kidogo kidogo kwa muda wa miezi minne. Nyumba mpaka leo imesimama kwenye lenta, na mvua za masika zimeshaanza kulegeza matofali ya juu.

Nilimweleza nijuavyo. Nchini India utapeli wa namna hiyohiyo una historia ndefu, na polisi wa huko wameshakamata makundi mengi. Huko chombo huwa ni cha shaba, kinadaiwa kuwa na iridiamu, na mchele wa maonyesho huwa umeandaliwa kwa unga wa chuma ili uvutwe na sumaku iliyofichwa. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu zote. Kisha akasema, "Daktari, wewe umesoma vitabu. Hili halimo vitabuni."

Kauli yake ina chembe ya haki ndani yake, na ndiyo maana utapeli huu haufi. Iko kweli sarafu ya Kijerumani ya hapa kwetu yenye thamani kubwa. Mwaka 1916, vita vikiwa vimeifungia koloni njia ya bahari, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli karibu na Tabora, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke. Upande mmoja una tembo. Zilipigwa kama 16,000 hivi, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 7 na ushee, na dhahabu halisi ndani yake ni robo tatu ya uzito huo. Leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huinunua kwa maelfu ya dola katika minada, bei inayozidi kwa mbali ile ya dhahabu iliyomo. Rupia ya kawaida ya fedha, ile yenye sura ya Kaisari Wilhelm, hupatikana kwa makumi ya dola tu. Bei hizo zote zimo katika katalogi za sarafu ambazo mkusanyaji yeyote wa Berlin anazo juu ya meza yake, zimepangwa kwa mwaka na kwa hali ya sarafu. Kwa hiyo mambo hayo yamo vitabuni, Mzee wangu. Ila vitabu vyenyewe havikufika Toangoma, na pengo walilotuachia ndilo wale watu watatu waliloingia nalo.

Binamu wa rupia ni zebaki nyekundu. Tangu miaka ya mwisho ya Vita Baridi imevumishwa kwamba ipo metali ya siri iliyotengenezwa na Warusi, yenye uwezo wa kuunda bomu la nyuklia dogo kama embe, na wataalamu hawajawahi kuiona popote. Zipo kampaundi za zebaki zenye rangi nyekundu, zinjifuri ikiwa mojawapo, lakini hiyo ni habari ya kawaida ya kemia. Mwaka 2009 Saudi Arabia ilikumbwa na uvumi kwamba zebaki hiyo imefichwa ndani ya sindano na vipuri vya cherehani kuukuu za Singer, na cherehani za bibi zikapanda bei hadi kiwango cha kuchekesha. Kusini mwa Afrika hakukuwa na cha kuchekesha. Huko imeaminiwa kwamba zebaki nyekundu imo ndani ya mabomu ya kutegwa ardhini, na watu wameyapasua ili kuitafuta. Januari 2013 mlipuko ulibomoa nyumba ya mganga mjini Chitungwiza, Zimbabwe, na kuua watu, na uvumi huohuo ukatajwa kuwa chanzo. Sisi wa Mbagala tuliokuwapo tarehe 29 Aprili 2009, ghala la silaha la jeshi lilipolipuka na vyuma vikaruka hadi juu ya mapaa yetu, hatuhitaji kukumbushwa kwa nini si busara kuokota kila chuma kizito kinachong'aa. Zebaki ya kawaida, ile nyeupe wanayoshika kwa mikono mitupu wachenjuaji wadogo wa dhahabu, inatosha kutuua bila msaada wa hadithi.

Nimesema metali za ajabu zilipita nyumba ile mara mbili. Mara ya pili hakuna aliyezungumzia maajabu.

Mzee ana Toyota ya zamani, iliyoagizwa Japani ikiwa imeshatumika, kama yalivyo magari yetu mengi. Ilianza kukosa nguvu mlimani. Fundi wa gereji moja alimwambia sega limeziba, likatwe, na bomba lichomelewe moja kwa moja. Sega ndilo jina ambalo mafundi wetu wamelipa kifaa cha kusafisha moshi kilichomo kwenye bomba la gari, kwa sababu ukilipasua utakuta ndani jiwe la kauri lenye vijitundu vingi kama sega la nyuki. Huenda kweli lilikuwa limeziba, hilo hutokea. Lilikatwa, na kijana mwenye mfuko wa salfeti mgongoni akalinunua papo hapo. Mzee alipewa pesa ya mifuko mitatu ya saruji, akashukuru kwa kulipwa kwa kitu kibovu.

Juu ya kuta za vile vijitundu kumepakwa, kwa utando usioonekana kwa macho, platinamu, paladiamu na rodiamu. Jumla yake ni gramu chache, na rodiamu kwa kawaida haifiki hata gramu moja. Lakini Machi 2021 aunsi moja ya rodiamu, yaani gramu 31 hivi, ilikaribia dola 30,000 katika soko la dunia, zaidi ya mara kumi na tano ya bei ya dhahabu siku hizo. Kufikia mwaka 2023 ilikuwa imeanguka chini ya dola 5,000. Rodiamu ina sifa zote za mithril: ni adimu kuliko dhahabu, haishiki kutu, na sehemu kubwa kabisa ya rodiamu ya dunia hutoka katika mwamba wa nchi moja, Afrika Kusini, ileile aliyozaliwa Tolkien. Ukanda huohuo wa platinamu ndiko Marikana, ambako tarehe 16 Agosti 2012 polisi waliwaua kwa risasi wachimbaji 34 waliokuwa wamegoma wakidai nyongeza ya mshahara. Tazama basi safari ya metali hii. Inatoka chini ya ardhi ya Afrika, inakwenda kupakwa kwenye sega la gari huko Japani, inasafisha moshi wa Osaka kwa miaka kumi, inarudi Afrika kwa meli ndani ya gari kuukuu, inateremka bandarini Kurasini, inafika Toangoma, kisha inaondoka tena ikiwa ndani ya mfuko wa salfeti. Katika vituo vyote hivyo, pale kwa Mzee ndipo ilipouzwa bila muuzaji kujua ni nini.

Nilimsimamisha yule kijana siku nyingine na kumuuliza anajuaje bei, kwa maana masega hayalingani, na kwa mizani huwezi kupima utando wa rodiamu. Hakuwa na siri. Juu ya ganda la sega kuna herufi na namba zilizogongwa kiwandani. Anazipiga picha, anamtumia bosi wake, na bosi ana programu kwenye simu, ya kulipia kila mwezi, yenye orodha ya maelfu ya namba na bei ya kila moja kwa siku hiyo. Kijana mwenyewe haioni orodha. Anaambiwa, "Hilo usizidishe kiasi fulani," naye anakata chake hapo katikati. Nilimpenda kwa uwazi wake, na nilipomuuliza kama anajua ndani ya sega mna nini, alisema, "Wanasema mna almasi." Nilicheka, kisha nikaona haya kucheka.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sura ya bei katika kitabu cha mwanangu ilikuwa imenishika. Nilidhani ni kwa sababu ya adamantine. Kumbe ni kwa sababu orodha ile ipo wazi. Msimulizi anaweza kuifanya mithral iwe adimu apendavyo, anaweza kuweka zimwi mlangoni pa mgodi, lakini mchezaji akishaitoa pangoni hakuna mfanyabiashara wa kumwambia kwamba ni bati. Anafungua ukurasa uleule. Uadimu umo mikononi mwa msimulizi. Bei imo mikononi mwa wote. Kwetu mambo yamegeuzwa. Uadimu ni wa Mungu na jiolojia, hakuna anayeubishia. Bei ndiyo iliyofichwa. Na mahali bei ilipofichwa, mtu yuleyule mwenye akili timamu, aliyepitisha hati za malipo ya serikali kwa miaka thelathini, anaweza kulipia rupia isiyo na kitu kwa akiba ya maisha yake na kuuza rodiamu kwa saruji.

Msinielewe vibaya, sizungumzii ujinga wa mtu mmoja. Taifa zima lilishawahi kukaa katika kiti hicho. Tarehe 24 Mei 2017 kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilimkabidhi Rais Magufuli taarifa kuhusu makontena 277 ya makinikia yaliyokuwa yamezuiwa kusafirishwa, na nchi nzima ikasikiliza majina ambayo wengi hatujawahi kuyatamka: iridiamu, rodiamu, iterbiamu, beriliamu, tantalamu, lithiamu. Siku ile nilikuwa kwenye daladala la Mbagala, na kondakta alilitamka neno iridiamu kwa ladha, kama mtu anayetaja jina la mchezaji mpya wa Yanga. Kamati ilisema dhahabu iliyomo ni nyingi mara kadhaa kuliko ilivyotangazwa. Kampuni ilikanusha. Julai mwaka huohuo ikapelekewa madai ya kodi ya dola bilioni 190, tarakimu ambayo hata msimulizi wa mchezo wa mazimwi angeogopa kuitoa. Mwisho wa safari ulikuwa makubaliano na Barrick: dola milioni 300, kampuni ya Twiga, na hisa za serikali za asilimia 16.

Wanafunzi wangu hugawanyika kila mwaka tunapofika kwenye mada hii. Wapo wanaoona tulishinda, wapo wanaoona tulifanyiwa maigizo. Mimi nauliza swali dogo zaidi. Sanduku ni lile lile, limefungwa, liko bandarini. Iweje watu wawili walipime na kupata majibu yasiyofanana hata kidogo, na mwananchi asiwe na ukurasa wa kufungua ili ajionee? Kondakta wangu alikuwa na hamu ya kujua. Alipewa majina ya metali na kitendawili cha tarakimu. Alipewa, kwa maneno mengine, sehemu ya maajabu.

Sipendi kuwanyima serikali haki yao pale walipofanya vizuri. Masoko ya madini, ambayo la kwanza lilifunguliwa Geita mwezi Machi 2019, yamebadilisha maisha ya wachimbaji wadogo kwa jambo moja rahisi: mahali pa wazi, mizani ya serikali, na bei elekezi za Tume ya Madini anazoweza kuzisoma yeyote. Saniniu Laizer alipouza mawe yake mawili ya tanzanaiti mwezi Juni 2020 kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7, tulimshangilia kwa utajiri wake. Mimi nilishangilia kwamba kiasi hicho kilitamkwa hadharani, mbele ya kamera. Mchimbaji wa kijiji cha jirani alikisikia, na dalali wa siku iliyofuata alikuwa na kazi ngumu zaidi.

Lakini utaratibu huo unaishia kwenye mgodi. Metali iliyochimbwa mjini, ile ya kwenye masega, nyaya, betri, rejeta na simu mbovu, haina ukurasa wake. Wenye magari wa Temeke na Kinondoni wanauza madini kila siku bila kujua kwamba ni wauzaji wa madini. Mafundi wa Tandika na Mwananyamala wanayang'oa bila kujua kwamba ni wachimbaji. Wanunuzi wa skrepa hupima shaba na aluminiamu kwa bei wanayoijua wao, inayobadilika kutoka kona moja hadi nyingine ya mtaa uleule. Sidhani ni jambo gumu. Tume hiyohiyo, au halmashauri zetu, zingeweza kubandika kila Jumatatu kwenye ubao wa ofisi ya kata bei za kilo ya shaba, ya aluminiamu, ya betri, na za masega ya aina kumi za magari yaliyojaa zaidi barabarani kwetu. Karatasi moja inatosha. Wanafunzi wangu wawili wa shahada ya kwanza wameshaanza kukusanya bei hizo kwa mkono, kutoka kwa wanunuzi wa Mbagala Rangi Tatu na wa Tegeta, na wiki iliyopita waliniletea majibu ya mwanzo: sega la gari la aina moja, kwa siku moja, liliulizwa bei kwa wanunuzi sita, na bei ya juu ilikuwa mara nne ya ile ya chini. Aliyetoa bei ya chini ndiye pekee aliyekuwa na kibao kizuri barabarani.